Kabla hujafungua shofaje ya karavani, isikilize

Karavani yetu tuliinunua kwenye mnada. Shirika moja lilikuwa linafunga mradi wake hapa Goma, likauza meza, jenereta na mahema, na kule nyuma ya ua kulikuwa na trela moja nyeupe ya Kimarekani yenye vitanda, jiko la matundu matatu, friji ndogo na shofaje ya gesi, yaani kifaa cha kupasha chumba joto, iliyofichwa chini ya kabati. Hakuna aliyeitaka. Mimi na shemeji yangu tuliitaka kwa sababu ya Kibumba. Baba mkwe alikuwa na shamba la kabichi na viazi huko, na anayeijua Kibumba ya usiku anajua kwamba blanketi mbili hazimtoshi mtu. Tukasema tutaivuta hadi shambani, tulale kwenye joto kama mabwana.

Usiku wa kwanza, mwaka 2019, nilizungusha kile kitufe cha joto ukutani. Feni ikavuma. Baada ya sekunde kumi na tano hivi nikasikia tik-tik-tik-tik, kisha ikabaki feni peke yake. Ikarudia. Ikarudia tena. Baada ya mara ya tatu haikujaribu kitu. Tulilala na makoti.

Fundi wa kwanza alifungua kifuniko, akakitazama kile kibao chenye nyaya, akatikisa kichwa. "Papa, kadi imekufa. Hii mpaka iagizwe Amerika." Bei aliyoitaja ilikuwa karibu nusu ya ile tuliyolipia karavani nzima. Wa pili alisema hivyo hivyo, akaongeza kwamba valvu nayo imekufa. Wote wawili niliwalipa pesa ya safari, na wote wawili hawakuwa wamegusa mtungi.

Kosa lao lilikuwa hilo, na mimi nililifanya kabla yao. Shofaje ndiyo kitu cha mwisho kwenye njia ndefu, lakini kwa kuwa ndiyo inayonyamaza, ndiyo tunayoilaumu. Na kumbe inasema kabla ya kunyamaza. Kazi yake ina mpangilio usiobadilika: kitufe cha ukutani kinaita, feni inaanza, upepo wa feni unasukuma kitanga chepesi kinachofunga swichi, swichi ya joto kali inakaguliwa, ndipo kadi inafungua gesi na kupiga cheche. Ikiuona moto, inaendelea. Isipouona ndani ya sekunde chache, inafunga gesi na kujaribu upya, na nyingi hukata tamaa baada ya mara tatu. Kwa hiyo ukikaa kimya na kusikiliza, utajua safari imeishia wapi.

Yetu ilipiga cheche. Maana yake betri ilikuwa nzima, feni nzima, swichi nzima, na ile kadi "iliyokufa" ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa. Kilichokosekana ni gesi.

Ushahidi ulikuwa mbele yetu tangu jioni, tukaupita. Mke wangu alikuwa amelalamika kwamba akiwasha tundu moja la jiko moto ni mzuri, akiwasha la pili wa kwanza unapungua, na la tatu linawaka kama mshumaa. Jiko la kupikia ndilo kipimo chako cha kwanza. Kama matundu yote yakiwashwa pamoja moto unanywea, usiguse shofaje. Rudi nje.

Huko nje nilikuta mambo mawili yameshikana. La kwanza ni mtungi. Nilikuwa nimepeleka wa kilo 6, tena umekaribia kuisha. Gesi tunayouziwa huku ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Kibumba haiitishi. Butani huchemka karibu na sifuri yenyewe. Mtungi unapotumika propani hutangulia kutoka, na kinachobaki chini kinazidi kuwa butani, nzito na vivu. Jiko moja la chai litaridhika nayo. Shofaje haitaridhika: ya kilowati 5 ikiwaka bila kupumzika hula gramu 350 hadi 400 kwa saa, na mtungi mdogo wenye baridi hauwezi kugeuza gesi iliyo maji-maji ndani yake kuwa mvuke kwa kasi hiyo. Chukua mtungi mkubwa zaidi, wa kilo 12 au zaidi, na uupime kwenye mizani ukitoa uzito wa chuma uliogongwa pale shingoni. Huna mizani? Mwagia ubavu wake maji ya moto kidogo kisha upapase kwa kiganja. Pale baridi inapoanzia ndipo gesi ilipo. Tafadhali, usiuweke karibu na mbabura, jiko la makaa, "ili upate nguvu". Nimeliona hilo kwa macho yangu, na aliyelifanya alikuwa mtu mzima mwenye watoto.

Jambo la pili lilikuwa rigyuleta, kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi inayotoka mtungini, ile ambayo mafundi wetu wanaiita detandere. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano yetu, Nyiragongo, ina asidi. Kila mwenye nyumba ya mabati upande huu anajua inavyoyala. Yetu ilikuwa imekaa miaka uani bila kifuniko. Rigyuleta ina kitundu kidogo cha kupumulia, na cha kwetu kilikuwa kimeziba kwa kutu na vumbi jeusi la makoro, mawe ya volkano. Isipoweza kupumua haiwezi kupima. Ukifunga mpya, kitundu kielekee chini na juu yake weka kifuniko, hata ukikata dumu la plastiki.

Kabla ya kununua nilitaka uhakika, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulipa kwa kukisia. Shofaje na jiko la karavani hutaka gesi yenye nguvu ya milibari 28 hivi. Namba hiyo ni sawa na sentimita 28 za maji, na sentimita za maji yeyote anaweza kupima. Niliazima kwa fundi ujenzi ule mpira mwangavu wanaotumia kusawazishia kuta, nikaukunja kama herufi U kwenye ubao, nikatia maji nusu, ncha moja nikaivika kwenye pua ya tundu moja la jiko baada ya kutoa kichwa chake. Mlango na madirisha wazi. Nikafungua polepole: maji yakapanda upande mmoja, tofauti sentimita 27. Nikamwambia shemeji awashe matundu mawili yaliyobaki. Maji yakashuka mbele ya macho yetu mpaka 12. Shemeji akasema, "Sasa hapo kadi imeingiaje?"

Angalizo kuhusu kununua: dukani utapewa rigyuleta yenye kitasa cha kuongeza na kupunguza, ile ya majiko makubwa ya mgahawa. Usiikubali, hata muuzaji akiapa. Ile haina kikomo cha milibari 28, na valvu za karavani hazikuumbwa kwa nguvu hiyo. Hakikisha pia kichwa kinalingana na mtungi wako. Mitungi yetu inatoka nchi tofauti na vichwa havifanani. Atakayekuambia "tutalazimisha tu" mwache aende.

Na mtungi ukifika umelazwa kwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, au nyuma ya pikipiki, usimamishe na uuache upumzike kabla ya kuufunga. Ukilala, gesi ya maji huingia kwenye rigyuleta. Unapoufungua, zungusha polepole. Baadhi ya viungio vina ulinzi ndani yake: gesi ikiruka ghafla, vinadhani mpira umekatika, vinabana, na unabaki na moto wa kibatari. Ikikutokea, funga mtungi na kila tundu, subiri dakika chache, kisha anza upya taratibu. Haigharimu kitu.

Na rigyuleta mpya, mtungi wa kilo 12, matundu yote yakiwaka: 27. Usiku huo tik-tik ikafuatwa na mvumo mzito, vuuu, na hewa ya moto ikanipiga miguuni.

Miezi michache baadaye ilinyamaza tena, ila safari hii sauti ilikuwa nyingine. Feni ilivuma kichovu, na hakukuwa na tik-tik kabisa. Kumbuka kile kitanga. Feni ikienda polepole hakisogei, swichi haifungi, na kadi haithubutu kufungua gesi. Kwa hiyo jiko lilikuwa linawaka vizuri huku shofaje imegoma, na tatizo lilikuwa betri. Betri iliyojaa hutoa volti 12.6, yetu ilishuka hadi chini ya 11 mara feni ilipoanza. Pima feni ikiwa inazunguka, si ikiwa imelala. Betri ikiwa nzima, angalia kama unywele au vumbi vimekamata kitanga, na kama mtu ameweka viroba vya vitunguu mbele ya matundu ya joto. Hewa ikikosa pa kutokea, swichi ya joto kali hukata kila kitu.

Mara ya tatu iliwaka kwa pumzi tatu, ikazima, na moto ulikuwa na rangi ya machungwa. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga ndani ya bomba la moshi ubavuni, nyumba safi kabisa, yenye vyumba. Niliitoa kwa waya, nikaweka wavu. Rangi ya machungwa ina sababu nyingine pia huku kwetu: Goma iko mita 1,500 juu ya bahari, hewa yetu ni pungufu kwa asilimia 15 na zaidi ukilinganisha na pwani, na vifaa vingi vimepangwa kwa watu wa chini. Moto ukibaki wa njano baada ya usafi, mpe fundi anayejua kubadilisha pua, usianze kutoboa kwa sindano.

Sasa kuna jambo ambalo sijivunii. Karibu na sakafu, chini ya kitanda, karavani ilikuwa na kengele ya gesi. Ilikuwa ya zamani na ililia kila usiku bila sababu, nikaukata waya wake. Jioni moja niliinama kutafuta kandambili uvunguni, na nilipokuwa nimepiga magoti nikasikia harufu kali, ile ya yai bovu. Nikasimama: hakuna harufu. Nikainama: ipo. Kiungio kimoja cha mpira kilikuwa kimelegea kwa mitikisiko ya barabara, na gesi ilikuwa imetanda sakafuni kama maji, usawa wa kitanda cha mtoto.

Mtu wa Goma hahitaji kufundishwa hili, kwa sababu tumekua na mazuku. Tangu wadogo tunaambiwa usishuke kwenye shimo lile, mbuzi atakufa kabla yako kwa sababu pua yake iko chini. Mazuku ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, na uzito wa molekuli yake ni 44. Propani nayo ni 44. Hewa tunayovuta ni 29. Tofauti ni kwamba mazuku inakunyima pumzi, na propani inangoja mtu awashe kiberiti. Siku ile sikugusa swichi yoyote. Niliwatoa watu, nikafunga mtungi nje, nikaacha mlango wazi, kisha nikaifagia gesi nje kwa kanga, chini chini, kama mtu anayetoa maji ya mafuriko. Kiungio nilikitafuta kwa povu la sabuni. Kengele mpya niliinunua wiki hiyo hiyo. Nazo zina umri, tazama mwaka uliopigwa mgongoni.

Mei 2021, volkano ilipolipuka tarehe 22 na ardhi ikawa inatetemeka mchana na usiku, karavani ilikuwa imerudi uani kwetu mjini. Watu walilala nje wakiogopa kuta. Sisi tuliwalaza watoto ndani ya karavani, na mama mkwe akaja na mbabura yake yenye makala mekundu, anataka kuipandisha.

"Hapana mama, hiyo ibaki nje."

"Na huo moto wa gesi mnaouwasha humo je? Moto si moto?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko la fundi yeyote niliyemlipa. Nikamwonyesha bomba la ubavuni. Shofaje inavuta hewa ya nje, inachoma ndani ya chuma kilichofungwa, na moshi wake unatoka nje. Kinachoingia chumbani ni joto tu. Mbabura inamwaga kila kitu chumbani, pamoja na ile sumu isiyo na harufu. Jiko la kupikia nalo ni vilevile, ndiyo maana halitumiki kupasha joto hata kama kuna baridi kiasi gani. Akaweka kiganja kwenye bomba, akakiondoa haraka, akasema "Haya," na mbabura ikabaki uani ikichemsha maharage.

Kama umepita mtungi, rigyuleta, betri na nyigu, na bado inawaka na kuzima, hapo ndipo unaruhusiwa kufungua kifuniko. Safisha ncha ya cheche kwa msasa laini, acha nafasi ya milimita 3 hivi, kaza waya wa ardhi. Kadi ibaki ya mwisho. Yetu ni ile ile iliyotangazwa kufa mwaka 2019.