Mshale unatikisa mkia? Toa manyoya kwanza ndo uanze kurekebisha upinde

Mkuu, umesema una rikavu (upinde ambao ncha zake zimepinda kuelekea mbele) ya mbao, nguvu ya kuuvuta paundi 45, unavuta kwa mkono wa kulia, mishale ya kaboni umenunua ikiwa imeshakatwa, na kila ukiachia mshale unaenda unatikisa mkia mpaka unafika kwenye shabaha umekaa upande upande. Halafu wachangiaji wawili hapo juu wamekwambia weka manyoya makubwa zaidi. Naomba sana usianzie huko. Manyoya makubwa yataunyoosha mshale kweli, ila tatizo litabaki palepale limefichwa, na mshale unakuwa unapoteza kasi njia nzima kwa kazi ambayo haikutakiwa kuwepo.

Elewa kwanza kinachotokea pale unapoachia. Upote, yaani kamba ya upinde, hautoki vidoleni kwa mstari ulionyooka, unateleza pembeni kidogo kwenye ncha za vidole, na wakati huohuo nguvu yote ya upinde inausukuma uti (ule mwili wa mshale) kutokea nyuma. Uti lazima ujikunje. Unapinda kuuzunguka mshiko, unarudi upande wa pili, unapinda tena, na kama ugumu wake unaendana na upinde wako basi mkia unapita bila kugusa kitu. Miaka ya 1930 Mmarekani mmoja, Clarence Hickman, alilinasa jambo hili kwa kamera ya kasi kubwa, ikaonekana wazi uti unavyojikunja njiani. Ukiwa mgumu mno haupindi vya kutosha, unasukumwa kushoto (kwa mvutaji wa kulia kama wewe), ukiwa laini mno unaenda kulia.

Huo ugumu ndo spaini. Ile namba 500 kwenye uti wa kaboni maana yake uti umewekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati ukaning'inizwa uzito wa paundi 1.94, ukashuka nusu inchi. Kwahiyo namba ikiwa kubwa uti ni laini zaidi, wengi wanaigeuza hii halafu wananunua kinyume. Na usichukulie ile 45 iliyoandikwa kwenye upinde kuwa ndo yako, hiyo imepimwa upote ukivutwa mpaka inchi 28, wewe ukivuta inchi 26 unaweza kuwa unashika kama paundi 40 tu, na uti uliochaguliwa kwa 45 utakuwa mgumu kwako.

Mimi nilianza kujifunza upinde Marekani, ila kitu kilichonifanya niheshimu uti kuliko upinde nilikiona nyumbani, Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi. Mzee wa Kihadza alikuwa na mshale mkononi, anaupasha kwenye moto sehemu moja, anaung'ata kwa meno kuunyoosha, anafumba jicho moja anautazama kwa urefu, anarudisha motoni. Upinde wenyewe ni fimbo ya duara, haina sehemu iliyochongwa ndani ya kupitishia mshale, yaani uti unalazimika kuzunguka unene wote wa mti. Ndo maana pinde za namna ile zinataka uti laini kuliko rikavu yako ambayo imechongwa karibu na katikati.

Sasa kazi yenyewe. Anza na nafasi kati ya upote na mshiko. Kwa rikavu ya inchi 60 anzia inchi 7 na robo hivi, piga mishale kadhaa, toa upote uusokote mizunguko michache ufupike, piga tena, na usikilize. Kuna mahali sauti inashuka, ule mtetemo wa mkononi unapungua, hapo simama upime uandike. Usiachie upote bila mshale hata siku moja, upinde unaweza kupasuka.

Halafu noki, yaani pale mkia wa mshale unaposhika upote. Weka alama kwenye upote juu kidogo, kama inchi 5/8 kupita usawa wa rafu (pale mshale unapolala juu ya mshiko), utashusha baadaye. Ukianza chini sana mkia unagonga rafu unaruka juu na majibu yote yanakuwa ya uongo.

Ndo unafika kwenye uti usio na manyoya. Chukua mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo, ikiwa na vichwa vya uzito uleule, simama hatua kumi tu kwenye shabaha laini. Kabla ya hapo kunja kila uti wa kaboni kidogo karibu na sikio, ukisikia mlio wa kupasuka tupa. Malizana na juu na chini kwanza: usio na manyoya ukitua chini ya wenzake, noki iko juu mno, shusha, ukitua juu, pandisha. Ikikaa sawa ndo uangalie kushoto na kulia. Angalia ulipotua, usiangalie ulivyoinama, maana shabaha yenyewe inaweza kuugeuza uti unapoingia.

Ukitua kushoto, uti ni mgumu, ongeza uzito wa kichwa, toka greni 125 (greni ni kipimo cha uzito wa vichwa vya mshale) nenda 145, 175. Ukitua kulia ni laini, punguza kichwa au kata uti, robo inchi kwa mara moja, sio zaidi. Na hapa ndo naona shida yako ilipo, maana mishale iliyokatwa tayari inakunyima nafasi ya kukata. Nunua nyuti mbili ndefu kamili, anza nazo zikiwa laini, uzikate taratibu mpaka zitue pamoja na zenye manyoya, kisha rudi nyuma hadi hatua ishirini uone kama bado zinakubali.

Jambo moja la kukagua hata leo usiku: paka poda kwenye rafu na pembeni mwa mshiko, piga mshale mmoja wenye manyoya, tazama poda imefutika wapi. Ikifutika kwa mstari wa unyoya, mkia unagonga, na kuna wakati uti laini mno ukigonga hivyo unaruka kushoto ukajifanya mgumu, ukaongeza kichwa ukaharibu zaidi.

Pima mvuto wako halisi, urefu wa uti na uzito wa kichwa, uweke hapa, nitakwambia uanze na spaini ipi kabla hujatoa hela tena.