Shangazi, kioo cha bafuni kimeota ukungu hautoki

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimepanga apatimenti huku Kigamboni, mwaka wa pili sasa, bafuni kuna ile milango ya kioo, tulivyohamia ilikuwa inang'aa utadhani saluni, sa hivi imejaa ukungu mweupe kuanzia kiunoni kwenda chini na ukiigusa inakwaruza kama uji uliokaukia kwenye sufuria. Nimesugua na sabuni ya unga, nikamwagia Jik ikalala usiku kucha, wapi. Jana dada wa kazi kaleta ile waya ya masufuria, nikamkuta keshachora kona moja. Mwenye nyumba anakuja mwezi ujao na yule baba anakagua mpaka nyuma ya milango, naogopa dipoziti yangu itaondoka. Nisaidie. (Mpangaji)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo waya itoe bafuni leo leo. Ukungu unatoka, mchoro kwenye kioo hautoki.

Alafu Jik muache apumzike. Jik kazi yake kuua vijidudu na kung'arisha mashuka, hapo kwako hakuna cha kuua, kuna jiwe. Nina uhakika mnatumia maji ya kisima, eti? Angalia ndani ya birika lako, kama kuna magamba meupe chini basi ndo hayohayo yako kwenye kioo. Maji ya visima vingi huko yana kalsiamu na magnesiamu, na sabuni ya kipande inatengenezwa kwa mafuta, mawese au nazi, yaliyopikwa na kostiki, sasa vikikutana hivyo viwili mafuta ya sabuni yanang'ang'aniana na kalsiamu yanakuwa kitu kama nta ambacho maji hayawezi kukiyeyusha, ndo maana unajipaka sabuni weee povu halitoki, nusu yake inaishia ukutani.

Kitu cha namna hiyo kinataka uchachu. Nunua siki nyeupe ya kawaida ya dukani, pasha kidogo iwe vuguvugu isichemke, mimina kwenye chupa ya kupulizia. Shida ya mlango umesimama, siki inateremka hata haijafanya kazi, kwa hiyo bandika karatasi za chooni kwenye kioo, pulizia siki mpaka zigande zenyewe, ondoka ukapike, rudi baada ya nusu saa. Zikianza kukauka pulizia tena. Ukizibandua weka matone mawili ya sabuni ya maji ya vyombo kwenye sponji laini au dodoki lililolowana, sugua kwa kuzungusha, suuza. Hiyo sabuni ya vyombo usiiruke maana siki inakula upande wa chokaa, mafuta yanabaki. Miaka miwili haiondoki siku moja, rudia kesho na keshokutwa. Siki ikikosekana hata ndimu iliyokatwa nusu inafanya kazi, ila utakamua mpaka mkono uchoke.

Sasa nisikilize vizuri hapa: siki na Jik visikutane KABISA. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na bafu lenyewe dogo dirisha kiganja, utakohoa mpaka upelekwe hospitali. Kwa vile ulishamwaga Jik, suuza kwa maji mengi kwanza, acha ipite siku, ndo uanze. Na kama sakafu ni marumaru au terazo tandika taulo lililolowana, siki inaila.

Wale wanaokwambia uchanganye siki na bekingi soda, utaona povu utafurahi, lakini vinauana vyenyewe kwa vyenyewe unabaki na maji ya chumvi.

Ukimaliza pitisha kucha. Kama bado inakwaruza, rudia. Kama ni laini ila bado kuna ukungu, hapo kioo chenyewe kimeshaliwa, ni kazi ya fundi vioo sio siki tena. Baada ya hapo tafuta ule mpira wa kufutia vioo, kama wa vijana wanaovamia magari kwenye foleni, kila anayeoga wa mwisho ashushe maji chini, ni nusu dakika. Na mkiweza hamieni sabuni ya maji ya kuogea, nyingi hazigandi hivyo.

Ile kona iliyochorwa mwambie mwenye nyumba mwenyewe kabla hajaiona.

SWALI: Shangazi, na bomba la mvua je? Matundu nusu yameziba, maji yanaruka pembeni yananipiga usoni.

JIBU: Ndugu yake yuleyule. Jaza siki kwenye mfuko wa nailoni, uvalishe hicho kichwa, funga na mpira, nusu saa tu usikilaze humo usiku maana rangi ya fedha inababuka. Toa, chokonoa matundu na mswaki wa zamani, fungulia maji ya moto kama yapo. Na usisimame chini yake wakati unafungulia, vile vipande vinatoka kwa kasi.