Kusimamishwa kazi si kufukuzwa

Dada yangu, pole sana. Umeuliza kama "kusimamishwa kazi" kwenye barua yako ni sawa na kufukuzwa. Hapana, si sawa. Aliyesimamishwa bado ni mwajiriwa, anasubiri uchunguzi uishe. Usisaini chochote kinachosema umeacha kazi kwa hiari, maana huko ni kujiuzulu.

Mtaani yote huitwa kumwaga unga au kupigwa chini. Wakenya husema kupigwa kalamu, na kwetu Tanzania tangu 2015 vigogo "wanatumbuliwa", kama majipu. Ila barua ya kazi haisomwi kimtaani. Kaka yangu alipewa barua ya "kuachishwa kazi", akaikunja akaiweka kabatini chini ya nguo, akidhani kwa kuwa hakuiba hana la kuuliza. Nilipoifungua, sababu iliyoandikwa ilikuwa kupunguza wafanyakazi. Huko ni kupunguzwa, na kuna haki zake: kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Anayefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati.

Kwa hiyo soma sababu, si kichwa cha barua tu. Wakikuachisha kweli na ukaona umeonewa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Bahasha nayo itunze, dada.