Barua kwa mwanangu anayetaka kwenda Juba

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umepata nafasi ya kwenda Juba, Sudani Kusini, mwaka mmoja kufundisha Kiswahili kwa kujitolea, chakula na malazi juu yao, mshahara hakuna. Na unaniuliza, "Baba, huko nitaipata hiyo maana ya maisha ambayo hapa benki siioni?"

Sijawahi kufundisha nje ya nchi. Ila nimewapokea waliokuja kufundisha kwetu, na mpokeaji huwa haulizwi.

Wapo waliokuja wiki tatu. Walipaka madarasa rangi, wakafundisha nyimbo, siku ya kuagana watoto wakalia na wao wakalia. Hawakuwa watu wabaya. Lakini Jumatatu yake niliyeingia darasani ni mimi, nikawakuta watoto wanachungulia barabarani. Mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo, sawa, lakini mtoto wa shule hafanyiwi hivyo.

Halafu akaja yule kijana wa Peace Corps, shirika la Wamarekani wa kujitolea, uliyekuwa ukimwita mjomba. Wale hukaa miaka miwili, na kabla ya kupelekwa shuleni huishi kwanza na wenyeji wakijifunza Kiswahili. Alipewa fizikia kidato cha pili. Maabara yetu ilikuwa kabati tupu. Akaenda kuomba vifuniko vya soda dukani, akalaza rula juu ya penseli, akaweka vifuniko viwili sentimita 7 kutoka katikati, na kimoja sentimita 14 upande wa pili. Rula ikatulia. Msichana wa dawati la mbele, ambaye tangu Januari hajanyoosha mkono, akasimama: "Nikiweka vitatu je?" Kijana hakumjibu. Alimpa vifuniko.

Jioni ile alikaa barazani kwetu, kimya, mpaka chai ikapoa. Mama yako alidhani anaumwa. Mimi nilimwelewa, mwanangu, kwa sababu imenipata mara chache katika miaka yangu ya chaki, na haiji kwa kuitwa.

Mwaka wake wa pili nilikaa nyuma ya darasa lake kila nilipokuwa na kipindi kitupu. Yeye ndiye aliyeniomba. Alipoondoka, mimi mwalimu wa hesabu nikaichukua fizikia, pamoja na vile vifuniko ndani ya kopo la maziwa. Nimefundisha navyo hadi nastaafu.

Kiswahili watu wa Juba wanakihitaji kweli. Nchi yao iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na bidhaa zao nyingi hutoka Uganda na Kenya. Anza na maneno ambayo Kiarabu kimetupa sisi na wao: kitabu, kalamu, dunia. Watajiona wameshafika nusu ya njia. Na wewe jifunze Kiarabu chao cha sokoni, usisubiri kutafsiriwa salamu.

Ada ya mdogo wako isikuzuie, nitaibeba.

Mwaka mmoja naona mfupi. Kabla hujatia saini, waulize ni nani anafundisha darasa hilo sasa, na ni nani atalishika ukiondoka. Wakikutajia mtu, omba uongee naye kwa simu, kisha nipigie unisimulie alivyokujibu.

Baba yako