Kundi la milimita 14 limepotelea wapi?

Swali: Ninajaza mwenyewe risasi za bunduki aina ya .308 Winchester, kichwa (kipande kinachoruka) cha greni 168; greni moja ni karibu miligramu 65. Nilijaribu vipimo vitano vya baruti vinavyopishana kwa greni 0.3, risasi tatu kwa kila kipimo, mita 100. Makundi, yaani umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, yalikuja milimita 27, 33, 14, 38 na 25. Nikajaza risasi 50 kwa kipimo kilichotoa 14. Niliporudi uwanjani, makundi yake matatu yakawa milimita 31, 22 na 37. Je, mizani ya kupimia baruti imeharibika, fataki (kiwashio cha baruti) ni mbovu, au nimekosea wapi?

Jibu: Hakuna kitu katika namba zako kinachoonyesha kasoro ya mizani wala fataki. Kilichokupotosha ni uchache wa risasi katika kila kundi.

Chukua makundi yako yote manane, wastani wake ni milimita 28. Sasa chukulia kwamba vipimo vyote vitano vinapiga sawasawa kabisa. Kwa bunduki ya wastani huo, kundi la risasi tatu huyumba lenyewe kwa takriban milimita 10 juu au chini, yaani theluthi mbili ya makundi yataangukia kati ya 18 na 38. Ndivyo yalivyo ya kwako, saba kati ya manane. Hilo la 14 ni bahati, na ukishindanisha vipimo vitano kwa risasi tatu tatu, kimojawapo hupata bahati karibu kila mara. Ulipokipiga tena, kikarudi kwenye wastani wake.

Tena, tofauti unayoitafuta ni ndogo sana. Kwa .308, greni 0.3 za baruti hubadilisha mwendo wa kichwa kwa karibu mita 5 kwa sekunde. Kwa mita 100, mvutano wa ardhi unahamisha tundu kwa milimita 1 tu kwa tofauti hiyo. Huwezi kuiona milimita 1 kwa kipimo kinachoyumba kwa 10.

Elewa pia kwamba kundi hupanuka kadiri unavyoongeza risasi, hata kama hakuna kilichoharibika. Bunduki yako inayotoa milimita 28 kwa risasi tatu itatoa karibu 36 kwa tano na 45 kwa kumi. Wengi wakiona hivyo husema mtutu umepata moto au mkono umechoka. Mara nyingi ni hesabu tu. Kwa hiyo usilinganishe kamwe kundi la tatu na kundi la tano.

Fanya hivi. Chagua vipimo viwili tu, uviite A na B, risasi 20 kila kimoja. Tundika shabaha mbili, moja kwa kila kipimo. Piga tano za kwanza za A, kisha tano za B, acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila taabu, halafu anza na B, umalizie na A. Endelea kupokezana hivyo hadi zote ziishe. Ukipiga 20 za A zote kwanza, joto, upepo na uchovu vyote vitaangukia B, nawe utadhani ni baruti.

Usipime kundi kwa matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kwani hapo umetupa habari za yale 18 mengine. Pima kila tundu liko milimita ngapi kulia au kushoto, na ngapi juu au chini ya alama uliyolenga. Wastani wa namba hizo ndio katikati ya kundi. Kisha tafuta umbali wa kila tundu kutoka hapo katikati, na wastani wa umbali huo ndio kipimo chako. Kwa hali ya bunduki yako sasa, tarajia karibu milimita 15. Kwa risasi 20 kila upande, tofauti iliyo chini ya theluthi moja usiitegemee. Kwa risasi 10 kila upande, hata tofauti inayokaribia nusu inaweza kuwa bahati tupu.

Tundu lililotoroka peke yake lihesabu. Unaruhusiwa kuliondoa pale tu uliposema "nimeivuta vibaya" kabla ya kuangalia shabaha. Hapa ndipo watu wengi waaminifu wanapojidanganya.

Kabla ya yote, kaza skrubu za darubini na za kitako kwa kiwango cha mtengenezaji, hakikisha mtutu haugusi mbao wala mfuko wa mchanga, na uweke mifuko mahali palepale kila risasi. Tazama upepo: wa mita 2 kwa sekunde ukivuma kutoka ubavuni husogeza kichwa hiki karibu sentimita 1 kwa mita 100. Kitambaa chepesi kwenye kijiti, katikati ya njia ya risasi, kitakusaidia kuliko mizani ya bei kubwa. Mizani inayosoma greni 0.1, yaani miligramu 6.5, inatosha kwa umbali huu. Maganda yawe ya mtengenezaji mmoja, maana nafasi ya ndani hutofautiana.

Ukiwa na kronografu, yaani chombo cha kupimia mwendo wa kichwa, tahadhari ni ileile. Mchepuko sanifu (kiasi ambacho mwendo huyumba kutoka kwenye wastani) wa mita 4 kwa sekunde uliopatikana kwa risasi tano unaweza kwa kweli kuwa popote kati ya 2.4 na 11.5. Mwendo unaoyumba utakuumiza mbali: kwa mita 600, tofauti ya mita 10 kwa sekunde ni karibu sentimita 10 za juu na chini. Kwa mita 100 ni milimita 2 tu.

Usipandishe baruti kwa kufukuza kundi dogo. Kikomo ni cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti, na ukiona fataki iliyobanwa bapa, bolti (komeo la bunduki) nzito kufunguka, au alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, acha kupiga hapohapo. Zilizobaki za kipimo hicho zitenganishe kichwa, baruti na ganda, usizimalizie kwa kuzipiga.

Umebakiwa na risasi 41. Tumia 20 dhidi ya 20 za kipimo kilichotoa milimita 25, kwa utaratibu huu. Zikikaribiana, chukua kipimo chenye baruti kidogo na uache kuhangaika na baruti. Jaribio linalofuata liwe la kubadilisha kichwa cha risasi, kwa sababu hapo ndipo utaona tofauti kubwa kuliko kwenye greni 0.3. Kichwa kipya kina kipimo chake kitabuni; anza tena chini.