Kabla ya Kubadilisha Sensa, Elewa Kompyuta ya Injini Imeona Nini

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, wenye magari wengi huomba msimbo wa hitilafu usomwe, kisha hununua sensa, yaani kifaa cha kupimia, iliyotajwa humo. Katika kazi yangu ya ufundi nimeona sensa nyingi nzima zikitupwa kwa njia hiyo, na hilo hunisikitisha, kwa kuwa msimbo hueleza kile ambacho kompyuta imekiona, wala si lazima kifaa kinachotajwa kiwe ndicho kibovu.

Chukua msimbo P0171, unaoashiria kwamba hewa imezidi petroli. Katika magari mengi, sensa iliyofungwa baada ya kichujio cha hewa hupima hewa inayoingia, na kompyuta hutumia kipimo hicho kuamua nozeli zinazonyunyizia petroli zibaki wazi kwa muda gani, ili takriban gramu 14.7 za hewa zipate gramu 1 ya petroli. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hukagua matokeo: ile ya zirkonia, aina ya kauri, hutoa karibu volti 0.1 oksijeni inapobaki nyingi, na karibu volti 0.9 inapokuwa haba. Mpira unaopitisha hewa ukipasuka kati ya sensa ya kwanza na injini, hewa huingia bila kupimwa, na kompyuta huongeza petroli hadi inapofikia kikomo chake, ndipo huwasha taa. Hapo sensa ya oksijeni imesema kweli, na kununua nyingine hakuzibi ule mpasuko.

Kwa hiyo mwombe fundi akuonyeshe vipimo injini ikiwa inaunguruma, hasa asilimia ya petroli inayoongezwa. Ikiwa ni kubwa gari likiwa limesimama na hupungua unapokanyaga akseleta, tafuta kwanza mahali hewa inapopenya. Ikizidi kadiri injini inavyofanya kazi nzito, mimi hushuku pampu ya petroli au sensa ya hewa iliyochafuka.

Sensa ya joto la maji ni rahisi zaidi. Gari likiwa limelala usiku kucha, kipimo chake kinapaswa kukaribiana na cha joto la hewa inayoingia. Kikionyesha nyuzi -40 mahali pasipo na baridi hiyo, kagua nyaya kwanza, kwani mara nyingi soketi imechomoka.

Taa ya injini ikiwaka na kuzimika mfululizo, punguza mwendo mara moja, kwa sababu petroli isiyoungua inaweza kuharibu katalisti, kifaa kinachosafisha moshi kwenye ekzosi. Na usichomoe betri ili kuifuta taa kabla ya vipimo kusomwa: kompyuta huhifadhi hali ya injini ilivyokuwa hitilafu ilipotokea, na kumbukumbu hiyo hupotea.