Moduli ya kutolea sauti inavuma

SWALI: Fundi, nimeunda rafu ya vifaa vya studio ya redio. Nikiunganisha moduli ya kutolea sauti na transmita, nasikia mvumo hata maikrofoni zikiwa zimezimwa. Nikate waya wa athi (ule unaounganisha kifaa na ardhi)?

JIBU: Usikate, nakusihi! Athi inalinda uhai wako. Mvumo wa hezi 50 au 60 mara nyingi husababishwa na mkondo unaozunguka kati ya athi za vifaa viwili. Weka transfoma ya sauti ya 1:1 (yenye mizunguko sawa ya waya pande zote mbili) kati ya moduli na transmita: sauti hupita kwa sumaku, bila waya kugusana na waya. Mimi huipenda kuliko dawa nyingine zote. Halafu pima kiwango cha sauti inayotoka kwenye moduli. Kiwango cha kawaida cha vifaa vya studio, +4 dBu (dBu ni kipimo cha kiwango cha volti za sauti), ni takriban volti 1.23.